Aliyeshinda Ndiye Anywe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno kuhusu michezo ya kunywea pombe, ile ambayo marafiki huicheza wakiizunguka meza kwa karata, dadu, sarafu au kwa mdomo tu. Sikukuu zikikaribia, wapo wanaoilaani yote kwa pamoja, na wapo wanaoicheza bila kujiuliza imepangwa vipi. Mimi ni mtu wa baa. Naona kasoro kubwa ya michezo hii iko kwenye adhabu, na kuirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Kanuni iliyozoeleka ni kwamba aliyekosea anywe. Hebu tazama matokeo yake. Mchezo wa kuhesabu au kukumbuka unataka akili nyepesi. Mtu akikosea anakunywa, akinywa akili inakuwa nzito, na ikiwa nzito anakosea tena, hivyo adhabu inamrudia yeye yule yule. Saa moja ikipita, meza ya watu sita huwa na mmoja aliyelewa chakari na wengine wanne au watano ambao chupa zao hazijafika nusu. Sasa igeuze kanuni: mshindi wa mzunguko apige funda moja, aliyeshindwa akae mdomo mkavu. Anayeshinda mara kwa mara atalegea, ataanza kukosea, na zamu ya kunywa itahamia kwa wenzake. Kinywaji kinajigawa chenyewe. Tena funda linakuwa zawadi, na pombe ambayo mtu ameinunua kwa jasho lake haifai kugeuzwa fimbo.

Kabla ya mchezo wowote, meza ikubaliane funda ni kiasi gani, maana funda la mwenye kiu si sawa na la mwenye haya. Mililita 20 zinatosha, yaani kijiko kimoja kikubwa cha mezani na kimoja cha chai. Pimeni maji kiasi hicho mara moja, kila mtu ayatie mdomoni ajue yanavyojaa, kisha kijiko kirudi jikoni. Chupa ya bia ya nusu lita inatoa mafunda 25 ya namna hiyo. Bia ikiwa na nguvu ya asilimia 5, kila funda lina karibu gramu 0.8 za alkoholi halisi, na mwili wa mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo mafunda kumi kwa saa ndiyo kiasi ambacho mwili unaweza kukimudu. Mchezo unaompa mtu zaidi ya hapo unamlimbikizia deni.

Waragi, pombe kali ya kwetu Uganda, ina hesabu yake. Kwa nguvu ya asilimia 40, funda lile lile la mililita 20 ni sawa na mafunda manane ya bia. Meza ambayo mmoja ana bia na mwenzake ana waragi tupu, wote wakihukumiwa funda kwa funda, inamwonea mmoja mara nane. Dawa yake ni kuchanganya sehemu moja ya waragi na sehemu saba za soda au maji: mililita 25 za waragi, mililita 175 za soda, glasi ya mililita 200 ikajaa. Hapo kinywaji kina asilimia 5 kama bia, na funda linakuwa funda kwa wote. Msichanganye na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Kafeini inaufukuza usingizi, ulevi inauacha palepale, na mtu anapoteza ile ishara ya kusinzia ambayo ingemwambia atulie.

Jambo jingine ambalo wachezaji hulisahau ni kwamba pombe inachelewa. Kiwango chake katika damu hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya mtu kunywa. Dadu zinarushwa mara nne kwa dakika. Mtu anaweza kumaliza chupa mbili mchezoni akijiona mzima, kisha zote zikamfikia anaposimama kwenda chooni. Chakula hupunguza kasi hiyo, kwa hiyo kuleni kabla ya mchezo kuanza: roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili, au sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Karanga za chumvi peke yake zinaongeza kiu, na mwenye kiu hapimi funda.

Sasa michezo yenyewe. Kwa meza isiyo na kifaa chochote, ninaupendekeza Saba kuliko mingine yote. Wachezaji watano hadi tisa wanakaa duara. Wa kwanza anasema "moja", wa kushoto kwake "mbili", na kuendelea. Ikifika saba, au namba inayogawanyika kwa saba, au namba yenye tarakimu 7 ndani yake, mwenye zamu hatamki kitu. Anapiga kofi moja na mwelekeo unageuka. Hadi thelathini, makofi ni 7, 14, 17, 21, 27 na 28. Meza nyingi huanguka kwenye 27 na 28 kwa sababu makofi mawili yanafuatana. Aliyepiga kofi la 27 anageuza mwelekeo, hivyo yule aliyetoka kusema "ishirini na sita" ndiye anayepaswa kupiga kofi la 28. Kofi lake linageuza tena, na zamu inamrudia yule wa 27, ambaye lazima aseme "ishirini na tisa". Asilimia kubwa ya watu hapo hunyamaza wakimwangalia jirani.

Msiache kugeuza mwelekeo hata kama inawachanganya. Mkiwa saba mezani bila kugeuza, mtu yule yule ataangukiwa na 7, 14, 21, 28 na 35, na wenzake watastarehe. Aliyekosea anatoka, hesabu inaanza upya kutoka moja, na anayebaki wa mwisho ndiye anayepiga funda. Wakibaki wawili, kugeuza hakuna maana tena kwa kuwa wanapokezana tu: mmoja anapata namba witiri, mwenzake shufwa. Mwenye witiri ana makofi manne kabla ya thelathini, mwenye shufwa ana mawili, kwa hiyo rusheni sarafu kuamua nani aanze. Na mkifika hamsini, anzeni upya kwa kasi zaidi. Kuanzia sabini hadi sabini na tisa ni makofi matupu kati ya watu wawili, na hakuna anayekumbuka yamefika mangapi.

Kwenye karata, mwepesi kuliko yote ni Juu au Chini. Pakiti ya karata 52 bila joka, mmoja anagawa. Anafunua karata ya kwanza, mchezaji anasema "juu" au "chini", inafunuliwa ya pili. Akipatia mara tatu mfululizo anapiga funda. Akikosa zamu inahama. Ugomvi wa kila siku ni karata yenye herufi A: wengine wanaihesabu kuwa moja, wengine kuwa juu ya K. Amueni kabla, na mimi ningeifanya moja. Karata mbili zikilingana ni kukosa. Hapo 7 ndiyo karata mbaya kuliko zote, kwa sababu kati ya 51 zilizobaki, 24 ni kubwa kuliko hiyo, 24 ni ndogo na 3 zinalingana nayo. Aliyefunuliwa 2 na akasema "juu" ana karata 44 za kumpa ushindi na 7 tu za kumwangusha. Karata zilizokwisha kuonekana zilazwe wazi, ili anayefuatilia kwa makini apate faida ya umakini wake. Mchezo unanoga zaidi karata zikipungua.

Matatu, mchezo wetu wa karata wa hapa Uganda, hauhitaji kubadilishwa sana. Kila mtu karata saba, inafunuliwa moja ya kukata, 2 inamwokotesha anayefuata karata mbili, A inabadilisha aina, na 7 ya aina ya ile karata ya kukata inamaliza mchezo papo hapo, zinahesabiwa alama, mwenye chache ndiye mshindi. Apige funda, karata zichanganywe. Msizidi wanne. Watu wanne wanachukua karata 28 na zinabaki 24 pamoja na ile ya kukata; watu sita wanachukua 42, zinabaki kumi, na mchezo mzima unageuka kuchanganya rundo upya kila dakika.

Ludo nayo ina kipimo kilichojengwa ndani yake, na nashangaa inatumiwa kidogo hivi. Kila mchezaji ana kete nne. Mkikubaliana kwamba funda ni kwa kila kete inayofika nyumbani, hakuna anayeweza kuzidisha mafunda manne kwa mchezo mmoja, hata awe na bahati ya namna gani. Wanaocheza kwa kanuni ya "aliyeliwa kete anywe" wanaondoa mpaka huo, kwa maana kete moja inaweza kuliwa mara tano kabla ya kufika.

Dadu zinahitaji tahadhari zaidi. Kuna mchezo unaopendwa na vijana, Mtu wa Tatu: mmoja anachaguliwa, wengine wanarusha dadu mbili kwa zamu, na kila inapotokea 3 kwenye dadu yoyote, au jumla ya 3, huyo mmoja anakunywa. Anavuliwa cheo pale tu atakapoirusha 3 yeye mwenyewe. Ukiangalia haraka unaonekana wa bahati nadra. Pigeni hesabu: kuna matokeo 36 ya dadu mbili, na 13 kati yake yanamnywesha. Ni zaidi ya mrusho mmoja katika mitatu. Kwa mirusho minne kwa dakika, hiyo ni mafunda 80 na zaidi kwa saa. Na mtu mmoja katika kumi atapitisha zamu zake tano bila kuipata 3 ya kumwokoa, huku akinywa mirusho ya wenzake watano mfululizo. Mkitaka kuucheza, cheo kikae kwa mzunguko mmoja tu wa meza, kisha kihamie kwa jirani, na mchezo wote usizidi nusu saa. Zile nyongeza za "ikija 7 anywe wa kulia, ikija 11 anywe wa kushoto" ziondoeni kabisa.

Mchezo wa sarafu unapendeza kwa kuwa ni wa ustadi. Glasi fupi yenye mdomo mpana inawekwa katikati ya meza, na mchezaji anadundisha sarafu mezani ili iruke iingie ndani. Meza iwe ya mbao tupu. Kitambaa kinaiua sarafu, na meza ya plastiki inabonyea na kuimeza nguvu ya mdundo. Shika sarafu kwa kidole gumba na cha shahada, uso wake ukitazama meza, uiachie kwa nguvu ili ipige ikiwa bapa, karibu kiganja kimoja kabla ya glasi. Ikipiga kwa ukingo itakimbilia kando. Sarafu nzito ya shilingi 500 inatii mkono kuliko ile pana ya 100. Glasi hiyo iwe tupu! Sarafu imepita sokoni, kwenye teksi na mifukoni mwa watu wasiohesabika. Kuitumbukiza kwenye bia kisha mtu akainywa ni uchafu, na mwenye haraka anaweza kuimeza au kuvunja jino. Aliyeingiza anapiga funda kutoka kwenye glasi yake mwenyewe.

Kuna michezo ambayo ningeipunguza makali kabla ya kuiruhusu mezani. Mfalme, ule wa kupanga karata zote kuzunguka kikombe, una kanuni mbili mbovu. Ya kwanza ni ya karata A, kwamba wote waanze kunywa pamoja na hakuna anayeruhusiwa kuacha mpaka jirani yake aache. Wa mwisho kwenye mstari anaweza kumaliza chupa nzima kwa sababu wa kwanza hana huruma. Ya pili ni kikombe cha katikati, ambamo kila anayeokota K anamimina kinywaji chake, na wa K ya nne anakunywa mchanganyiko huo wa bia, tonto (pombe ya ndizi) na waragi. Hakuna anayejua nguvu ya alichokinywa. Badala yake, kikombe kijazwe maji, na wa K ya nne ayanywe yote: yatamfaa. Ule wa Basi, wa kubashiri rangi, juu au chini, ndani au nje ya karata mbili za mwanzo, na mwisho aina ya karata, unamrudisha mtu mwanzo kila anapokosa. Nafasi ya kupatia zote nne mfululizo haifiki moja katika kumi, kwa hiyo wekeni kikomo cha majaribio matatu, kisha abiria ashuke.

Sijawahi ni mchezo wa maneno: kila mtu ananyanyua vidole vitano, mmoja anasema jambo ambalo hajawahi kulifanya, waliolifanya wanakunja kidole. "Sijawahi kupanda boda bila kofia ngumu." "Sijawahi kula roleksi tatu usiku mmoja." Hapa hakuna wa kushinda wala kushindwa, kwa hiyo funda linaweza kupigwa na anayefanikiwa kuwakunjisha vidole watu watatu kwa sentensi moja. Unaharibika pale mtu anapoutumia kuchimba ndoa ya mwenzake, afya yake au mambo ya ofisini. Kila mchezaji awe na haki ya kusema "pita" bila kuulizwa, na simu zilazwe kifudifudi. Video ya dakika moja inaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kiacheni nje ya mashindano haya. Mnakaa wengi, kila mtu na mrija wake mrefu, maji ya moto yanaongezwa kadiri kinavyopungua, na hakuna anayeweza kuona mwenzake amevuta kiasi gani. Funda halipimiki. Nguvu yake nayo inashuka kila maji yanapoongezwa, hivyo aliyekunywa mapema na aliyekuja baadaye hawakunywa kitu kimoja. Mkitaka Saba kwenye chungu, anayekosea aweke mrija chini kwa mzunguko mmoja, au aende kuleta maji ya moto.

Asiyekunywa acheze. Mwislamu, mlokole, mjamzito, mwenye dozi ya kifua kikuu au ya kifafa, dereva wa usiku huo: wote wapewe soda au maji na mafunda yao yahesabiwe kama ya wengine, bila maelezo wala kubembelezwa. Mwenye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kuuziwa pombe, na kwenye meza ya namna hii hana nafasi. Dereva achaguliwe kabla ya funda la kwanza. Kikomo cha sheria ni miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, na askari wa Kawunyemu, msako wa madereva walevi, hawaulizi kama ulikuwa mchezoni. Abiria wa bodaboda naye aangaliwe. Aliyelewa huachia mikono kwenye tuta la kwanza.

Chupa ifunguliwe mezani mbele yenu. Methanoli haigunduliki kwa ladha, na mwaka 2010 waragi iliyochanganywa nayo iliua makumi ya watu kusini-magharibi mwa nchi yetu. Pombe ya vifuko vidogo vya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo anayewaletea kifuko anawaletea kitu kisicho na wa kukisimamia. Mtu akilalamika kesho yake kwamba anaona ukungu, asipewe supu, apelekwe hospitali. Na aliyezidiwa usiku ule ule, ambaye haamki akitikiswa, ngozi yake imekuwa baridi, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika, alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe koo, asiachwe peke yake hata dakika moja, na gari litafutwe. Kahawa na maji baridi ya kichwani havimsaidii.

Wakati wa kuacha nao unapimika. Kila saa, hata kama mnacheza karata au ludo, chezeni Saba kidogo. Meza ikishindwa kuvuka kumi na nne mara tatu mfululizo, karata zirudi kwenye pakiti, bili iletwe, na anayechoma muchomo aambiwe aongeze sahani.

Msimamizi wa baa,
Mbale